Maswali ya Wasomaji: Viongozi Wakionana na Walimu, Kuna Faida Gani?

SWALI: Mhariri, hujambo. Mimi ni mwalimu wa sekondari msingi, yaani Gredi ya 7 hadi ya 9, huku Likoni, Mombasa. Mwaka jana tulialikwa kuonana na viongozi wa serikali katika ukumbi mmoja kisiwani, tukavuka feri mapema ili tusichelewe. Tangu saa tatu hadi saa saba tulisikiliza hotuba, na walimu watatu tu ndio waliopewa kipaza sauti. Nilikuwa nimeandika kwamba shule yetu haina maabara, na kwamba wanafunzi wangu husoma sayansi kwa michoro ya ubaoni, lakini karatasi yangu nilirudi nayo mfukoni. Hadi leo hatujaletewa jibu la lolote lililosemwa siku ile. Sasa tumealikwa tena, na wenzangu wanasema hawaendi. Je, tuende, au tubaki madarasani tufundishe?

JIBU: Mwalimu, wenzako wana haki ya kuchoka, ila mimi nakuomba uende, na uende na karatasi ile ile. Kabla ya hapo iandike upya, kwa sababu nadhani uliiandikia meza kuu nzima, ilhali kila aliyeketi pale ana kazi yake na mipaka yake.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za sekondari, pamoja na mitaala na mitihani, zikabaki mikononi mwa serikali kuu. Kuajiriwa na kupandishwa cheo kwa mwalimu ni kazi ya Tume ya Huduma za Walimu, yaani TSC, inayotajwa katika kifungu cha 237. Kwa hivyo mwalimu wa chekechea wa Mtongwe akimwuliza gavana kuhusu ajira yake, amebisha mlango wenyewe. Lakini wewe ukimwuliza gavana huyo huyo kuhusu upungufu wa walimu shuleni kwako, huenda akakusikitikia kwa dhati, akaahidi kulifikisha mbele, na jambo lisifike popote, kwa kuwa halimo katika mamlaka yake. Upungufu huo mpelekee mkurugenzi wa TSC wa kaunti. Maabara ipeleke kwa Wizara ya Elimu na kwa mbunge wako, ambaye kupitia hazina ya maendeleo ya maeneobunge anaweza kutengewa fedha za kujenga vyumba vya shule.

Unauliza kama kusikilizwa kuna faida. Iko, na wewe unafundisha ndani ya matunda yake. Mnamo Septemba 2022 Rais William Ruto aliunda jopo la mageuzi ya elimu chini ya Profesa Raphael Munavu, ambalo lilikusanya maoni katika kaunti zote 47. Mpango wa awali ulikuwa kuwapeleka watoto wa Gredi ya 7 katika shule za upili, jambo lililowatia hofu wazazi wengi kwa sababu ya umri wao mdogo. Jopo lilipendekeza, katika ripoti yake ya muda ya Desemba mwaka huo huo, kwamba wabaki katika shule za msingi, na Januari 2023 ikawa hivyo. Wengi walishusha pumzi. Lakini shule za msingi hazikuwahi kujengwa kwa ajili ya masomo ya maabara, na mwalimu aliyekabidhiwa darasa lile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona pengo hilo. Maoni yalitafutwa kwa bidii kabla ya uamuzi. Baada ya uamuzi, watekelezaji hawakuendewa tena kwa bidii ile ile. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi, yaani waliokuwa kwenye mkataba wa muda wa mafunzo kazini na wakilipwa shilingi 20,000 kwa mwezi, iliwabidi wagome mwaka 2024 ndipo kilio chao kikapewa uzito, na wakaajiriwa kwa masharti ya kudumu Januari 2025. Siku za masomo zilizopotea katikati hapo zinaniuma, kwa kuwa waliozilipia ni watoto wa shule za umma.

Mkutano mkubwa una kazi yake. Walimu wapatao elfu kumi walipoalikwa Ikulu ya Nairobi mnamo Septemba 2025, Rais alitangaza kwamba bajeti ya kuwapandisha vyeo itaongezwa kutoka shilingi bilioni 1 hadi bilioni 2, na hilo ni jambo linaloweza kusemwa na kiongozi mmoja mbele ya umati. Paa linalovuja au darasa lenye wanafunzi wanne kwenye dawati moja ni jambo jingine. Kiongozi anayetaka kulielewa hana budi aje shuleni, aketi katika chumba cha walimu, asikilize kwanza na aseme mwisho, na mtu aandike kila ombi pamoja na jina la ofisi itakayolishughulikia na tarehe ya kurudisha jibu. Mkutano wenu wa mwaka jana ulikosa tarehe hiyo, nami nauona huo ndio upungufu wake mkubwa, kuliko hata uchache wa waliozungumza.

Najua pia kwamba wako wanaonyamaza kwa kuogopa kuhamishwa, hasa mkubwa wao wa kazi anapokuwa amekaa mstari wa mbele. Msimwachie mtu mmoja mzigo huo. Kaeni kabla ya mkutano, muandike waraka mmoja wa shule, uwasilishwe na mwenzenu mliyemchagua katika Bodi ya Usimamizi, kwa kuwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa walimu kiti humo, au na tawi la chama chenu. Ombeni nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Mkinyamaziwa, iandikieni ofisi husika kuomba taarifa ya hatua iliyochukuliwa. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi la mwananchi ndani ya siku 21.

SWALI: Mimi ni mzazi wa Kisauni. Mikutano hii ya viongozi na walimu inatuhusu sisi wazazi?

JIBU: Inakuhusu sana, mama. Mwalimu akisema peke yake kwamba vitabu havitoshi, baadhi ya viongozi hudhani analalamikia kazi yake. Mzazi akilisema neno lile lile, linakuwa haja ya mtoto. Sheria ya Elimu ya Msingi niliyoitaja hapo juu inawapa wazazi viti sita katika Bodi ya Usimamizi. Waulize wawakilishi wenu, kabla muhula haujafungwa, walimu wa shule yenu waliomba nini katika mkutano uliopita na ni ofisi gani iliyojibu.