MM kwenye git status -s

Umeona MM kando ya jina la faili kwenye Git, programu ya kufuatilia mabadiliko ya mafaili, na unauliza kama ni hitilafu? Hapana, hiyo MM si hitilafu. Ukipiga `git status -s`, amri inayoonyesha hali ya mafaili kwa ufupi, herufi ya kushoto ni hali ya faili kwenye indeksi, yaani kile ulichokwisha kuongeza kwa `git add`. Ya kulia ni hali yake kwenye folda unayofanyia kazi. M maana yake limebadilishwa. Kwa hiyo ulilibadilisha faili ukaliongeza, kisha ukalihariri tena. Ukipiga `git commit` (kuhifadhi yaliyoongezwa) sasa hivi, marekebisho ya mwisho yatabaki nje, na wengi hushtukia hilo wakishasukuma kazi kwenye seva. Yaangalie kwanza kwa `git diff`, halafu `git add` tena. Yote yameelezwa kwenye `git help status`. Ila mafaili ambayo Git bado haiyafuatilii na yaliyotajwa ndani ya .gitignore, orodha ya mafaili ya kupuuzwa, hayaonekani kwenye `git status -s` mpaka uongeze `--ignored`.