Maswali ya Wapiga Gitaa: Uzi Upi Unakufaa?

SWALI: Habari za kazi. Nina mwezi wa pili najifunza gitaa kavu (lisilo la umeme). Vidole vinawaka moto, na kodi ya F (zile noti kadhaa zinazopigwa pamoja) imenishinda kabisa. Mwalimu anasema nivumilie mpaka viote sugu. Je, nikibadilisha nyuzi nitapata nafuu?

JIBU: Utapata, lakini kagua gitaa kwanza, maana mara nyingi kosa si la nyuzi. Bana uzi wa sita (mnene kuliko wote) kwenye freti ya tatu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo), kisha uutazame kwa karibu pale unapopita juu ya freti ya kwanza. Panatakiwa pabaki upenyo wa kupitisha karatasi tu. Ikipita kadi ya benki, basi vile vijifereji vya mwanzo wa shingo, nyuzi zinapotokea kichwani, havijachongwa vya kutosha. Kodi ya F inakaa hapo hapo freti ya kwanza, kwa hiyo nguvu zako zote zinaishia kuushusha uzi. Mpelekee fundi avichonge kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo. Akizidisha, uzi utakereza (utakwaruza freti na kutoa mlio mbaya) ukiupiga bila kuubana, na kipande chenye vijifereji hivyo itabidi kibadilishwe.

Sasa nyuzi. Magitaa makavu mengi huja na seti ya 12, yaani uzi wa kwanza, ulio mwembamba kuliko wote, una unene wa inchi 0.012. Kwenye shingo ya urefu wa kawaida, uzi huo huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 10 na nusu ili utoe noti ya E. Wa 11 unataka karibu kilo 9, na wa 10 kama kilo 7 na robo. Unene unapungua kiduchu lakini mzigo unaporomoka, kwa sababu mzigo hufuata mraba wa unene.

Kwako tunashauri seti ya 11. Seti ya 10 ni laini zaidi, ila besi yake hukonda, na ukicharaza kwa nguvu nyuzi hugonga freti. Anayefuma kwa vidole taratibu anaweza kuitumia bila shida.

Na kabla hujanunua chochote, jaribu hivi leo: legeza nyuzi zote zishuke nusu sauti (hatua ya freti moja), kisha funga kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote pamoja) freti ya kwanza. Mzigo unapungua kwa karibu sehemu moja ya tisa, ule urefu wa vijifereji hauna kazi tena, na bado unapiga kwenye tuni ileile ya wenzako. F ikikubali hapo, ujue mkono wako hauna tatizo.

SWALI: Nimetoa seti ya 10 kwenye gitaa langu la umeme nikaweka ya 9 ili niweze kupinda nyuzi kwenye solo. Sasa freti za mwanzo zinakereza. Nimeuziwa nyuzi mbovu?

JIBU: Nyuzi hazina kosa. Shingo ilikuwa imepindika kidogo kwa mvuto wa zile nene. Ulipopunguza mvuto, chuma kilichomo ndani yake kikainyoosha, na nyuzi zikasogelea freti.

Usitupe ule uzi wa kwanza wa zamani, ndio kipimo chako: una milimita 0.25. Gitaa likiwa limetuniwa, bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza, na kwa mkono mwingine pale shingo inapoungana na mwili. Kwenye freti ya saba, pitisha kipande cha uzi wa zamani chini ya uzi wa sita. Kikipita kwa kugusa tu, shingo iko sawa. Kisipopita kabisa, legeza chuma cha shingo robo mzunguko kinyume na saa, tuni upya, pima tena. Usizidishe robo kwa mara moja, na nati ya chuma hicho ikigoma usiilazimishe. Kuikata ni hasara kubwa kuliko seti nyingi za nyuzi.

Kama daraja lako (kipande kinachoshika nyuzi mwilini) lina mkono wa kutikisa sauti na huelea juu ya springi, anzia huko. Springi sasa zimezishinda nyuzi na kulivuta daraja chini. Legeza sawasawa skrubu mbili zinazoshika springi nyuma ya gitaa, mpaka daraja lirudi lilipokuwa.

SWALI: Naweza kufunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni ili lisikike zaidi?

JIBU: Hapana, tafadhali. Seti ya nailoni huvuta kwa jumla ya karibu kilo 40. Ya chuma ya 12 huvuta zaidi ya 70. Mbao za ndani za gitaa hilo ni nyembamba, na mengi hayana chuma shingoni. Daraja litabanduka au ubao wa mbele utavimba nyuma yake, na pengine shingo itapinda moja kwa moja.

Ukitaka sauti zaidi, chukua nailoni za mkazo mkubwa. Zikifungwa mpya hushuka tuni kwa siku kadhaa. Hiyo ni tabia ya nailoni, usidhani vigingi vya kukazia nyuzi vimeharibika. Kila ukimaliza kutuni, vuta kila uzi taratibu katikati, uuinue kama sentimita moja, kisha utuni tena.