Mabua ya mchicha usiyatupe

Ukimwomba muuza genge wa Tabata, Dar es Salaam, akuchambulie mchicha, atakupa majani matupu na mabua atayasukuma chini ya meza yasubiri mwenye mbuzi. Mimi siku hizi namwambia anifungie vyote.

Nilianza kuyala kwa sababu ya choo kigumu kilichonisumbua muda mrefu, nikiishi kwa sembe mchana na wali mweupe usiku. Nilihamia dona, nikaongeza maharage, na mabua yakaingia kwenye kila mboga. Tumbo langu lilitulia ndani ya wiki chache. Siwezi kusema ni mabua peke yake, ila ndiyo niliyoyapata bila kuongeza hata shilingi.

Mabua yana nyuzinyuzi nyingi, ambazo sisi hatuna uwezo wa kuzisaga. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba, zinafika utumbo mpana, na huko ndiko wanakoishi bakteria wanaozihitaji. Wakizichachusha wanatoa asidi, mojawapo ikiwa ya butiriki, chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo huo. Chakula cha bakteria wa namna hiyo huitwa pribiotiki. Lakini tusidanganyane: si kila uzi ni pribiotiki. Pektini, aina moja ya nyuzinyuzi, huliwa haraka na bakteria, ilhali selulosi, aina nyingine, sehemu kubwa hupita tu, ikiongeza ujazo wa choo. Ndiyo maana mabua nayakaangia kitunguu maji na kitunguu saumu kwa wingi, maana hivyo vina inulini, aina ya nyuzinyuzi ambayo bakteria wazuri wanaipenda sana.

Kwenye kupika, kila bua lina tabia yake. La mchicha mchanga likikatika kwa kidole, lipike lilivyo. Lililokomaa liambue ngozi kwanza. Katakata vipande vidogo, tia kwenye kitunguu kilichoiva na maji kidogo, funika mpaka vilainike, kisha ndipo uweke majani. Ukitia vyote pamoja, majani yatarojeka na mabua yatabaki magumu, na watoto watayatenga pembeni ya sahani. Vikonyo vya majani ya maboga vunja ncha uvute nyuzi, zitatoka zenyewe. Gongo la kabichi limenye, likwaruze kwenye kachumbari. Ni tamu kuliko majani yake.

Kisamvu usikiguse kwa mtindo huu. Muhogo una sumu ya sianidi, ndiyo sababu majani yake hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Vijiti vyake acha.

Jambo linaloniuma zaidi ni mboga inakotoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta madini mazito, ikiwemo risasi, kwenye mboga zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, hapa Dar es Salaam. Madini yaliyofyonzwa na mmea hayatoki kwa kuosha, hata ukiosha kwa chumvi. Kwa hiyo muulize muuzaji mboga yake imemwagiliwa maji gani. Asiyejua, mwache, nunua kwa anayejua, au panda mchicha wako kwenye ndoo uani.

Anza kidogo kidogo. Aliyezoea sembe akila bakuli zima siku ya kwanza atajaa gesi usiku kucha na kulaumu mboga. Kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji zinaweza kukaza choo badala ya kukilainisha. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilipendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Mabua peke yake hayafikishi, hivyo dona, kunde na maharage visikosekane.

Mwenye historia ya mawe kwenye figo amuulize daktari kwanza, kwani mchicha una oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kuunda mawe hayo. Akiruhusiwa, auchemshe na kumwaga yale maji kabla ya kuunga.