Sahani ya futari, na neema niliyoiogopa

Nililelewa kwa shangazi, na chakula cha kwake kilikuwa na masimango. Ule leo, kesho ukumbushwe mbele ya wageni. Nikazoea kutopokea cha mtu. Nilipokuwa mtu mzima nikamwogopa Mungu vilevile, na nilichokiogopa hasa ni wema wake kuliko hasira yake.

Kila Jumamosi naungama kwa padre, na dhambi ni ileile ya miaka tisa nyuma, niliyokwisha kuondolewa. Jumapili wenzangu wakienda kukomunika, yaani kupokea mkate mtakatifu, mimi nimebaki kwenye benchi na rozari mkononi. Nikidhani huo ni unyenyekevu.

Aliyenifungua macho ni jirani yangu hapa Malindi, mama wa Kiislamu. Ramadhani moja aliniletea futari: muhogo wa nazi, tambi, na kaimati tatu zenye shira ya moto bado. Nikaifunika. Nikakimbia dukani kununua kilo ya sukari, nikampelekea magharibi ileile. Akanitazama.

"Mwanangu, umeshakula?"

"Bado, mama."

"Basi nenda ukale. Kwani mimi nimekukopesha?"

Nilikula huku nalia.

Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari Mkatoliki, alipita hapa Malindi mwaka 1542, akielekea India. Ukilitembelea lile kanisa dogo la Wareno kando ya bahari, mkumbuke na rafiki yake, Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Miaka 20 kabla, kule Manresa, Hispania, Inyasi aliteseka hivihivi. Aliungama, akaungama tena yaleyale, akayaandika hata kwenye karatasi, na amani haiji, mpaka akajiwa na mawazo ya kujiua. Alipona alipokata shauri kutoyarudia tena yaliyokwisha kuungamwa. Nilipoyajua hayo nilipumua: kumbe hata mtakatifu!

Kama nawe uko huko, shika padre mmoja, na safari hii mweleze hofu yenyewe. Mimi niliambiwa nitimize malipizi niliyopewa, yaani sala au tendo la kutubu baada ya kuungama, kisha dhambi ile nisiitaje tena. Kuitii amri hiyo kulinishinda mara mbili, usishangae likikupata. (Dhambi nzito ambayo hujaiungama ni jambo jingine, hiyo iungame kwanza.) Na ile sala ya kabla ya komunyo isali mpaka mwisho. "Ee Bwana, sistahili uingie kwangu," mimi nilikuwa naishia hapo, wakati yanayofuata ndiyo dawa: "lakini sema neno tu na roho yangu itapona." Soma pia Yakobo 1:5, kwamba Mungu huwapa wote kwa ukarimu, "wala hakemei". Kwa mtu aliyekula kwa masimango, neno hilo hakemei ni chakula.

Sahani ya jirani ilikaa kwangu siku nne. Jumapili yake nikasimama kwenye foleni, magoti yananitetemeka. Padre akainua hostia, "Mwili wa Kristo." Nikasema, "Amina."