Jibu: .22 inatawanya risasi mita 50
Salaam mkuu. Nimekusoma: bunduki yako ya .22 (ya risasi ndogo) ilikuwa inakusanya matundu vizuri mita 50, ukahamia risasi za kasi kubwa, sasa matundu yametapakaa upana wa kiganja na fundi anasema mtutu umekwisha. Usinunue mtutu kwanza. Risasi za .22 ni laini, hazili chuma haraka hivyo.

Anza na skrubu. Toa risasi zote, hakikisha chemba ni tupu, kisha shika darubini ya kulengea uitikise, uone kama imelegea. Kagua pia skrubu zinazobana bunduki kwenye kitako, hasa kama ni cha mbao, maana mbao hunywea.

Zikiwa zimekaza, rudia risasi za kasi ya kawaida, takriban mita 325 kwa sekunde. Hizo hazifikii kasi ya sauti. Za kasi kubwa hutoka zikiipita sauti, kisha hushuka chini yake zikiwa njiani, na hapo ndipo nyingi huyumba. Mimi nikiwinda kindi natumia za kasi ya kawaida tu. Ila ukibadilisha aina usihukumu mapema: nta iliyopakwa zile ulizokuwa ukitumia bado imo mtutuni, piga kama kumi au ishirini kwanza.

Darubini nayo: ya bunduki kubwa mara nyingi hupangwa kwa mita 100 hivi, kwa hiyo mita 50 alama ya kulengea inaweza kuhama jicho likihama. Laza bunduki tupu juu ya mifuko ya mchanga, sogeza jicho tu. Alama ikitembea juu ya shabaha, basi shavu lako lisipokaa mahali pamoja kila mara, risasi zitatawanyika.

Mpaka ikusanye, kindi waache, utawajeruhi bure. Tuwekee picha ya karatasi ya shabaha na jina la risasi.