Sikukuu utazila na nani huko Samoa?

Mdogo wangu, umeuliza utaishije miaka miwili ukijitolea kufundisha kijijini Samoa, na hasa Krismasi utaila na nani. Mimi nimekaa huko. Shida yako haitakuwa kukosa watu, itakuwa kupata dakika ya kukaa peke yako.

Jumapili ndiyo itakayokuzoesha. Alfajiri utaona moshi wa umu: mawe ya moto, juu yake magimbi, mashelisheli na palusami, yaani majani machanga ya magimbi yaliyofungiwa tui zito. Mtu wa pwani hapo haulizi. Baada ya ibada mnakula, kisha kijiji kizima kinalala. Ukialikwa, nenda. Keti mkekani umekunja miguu, usimnyooshee mtu nyayo. Magoti yakigoma, nyoosha lakini ufunike kwa lavalava (kikoi chako kinatosha kabisa).

Jioni baragumu au kengele ikilia ni saa ya sala, wanaiita sa. Usipite barabarani. Mimi nilipita na ndoo ya maji kichwani, nikasimamishwa nayo hivyo hivyo hadi ilipolia tena.

Jumapili ya pili ya Oktoba ni ya watoto: wanavaa nyeupe, wanakariri aya kanisani, na chakula wanaanza wao, wakubwa wakiwahudumia. Usiikose.

Krismasi ni joto na mvua. Samoa imetutangulia kwa saa 10, kwa hiyo saa mbili asubuhi kwako, nyumbani ni saa nne usiku wa mkesha. Piga simu hapo, bado wanachambua mchele. Bizari ya pilau beba, ila itangaze forodhani.