Suruali kiuno 36, kitambi inchi 43

Mkuu umeuliza kama daktari alikuwa anakutisha aliposema mafuta ya tumboni yanatoa homoni zinazoharibu sukari, maana wewe si mnene, una kitambi tu. Hakukutisha. Mimi wa kwangu nilimcheka kabisa.

Mimi ni fundi cherehani, Manzese, zaidi ya miaka ishirini. Nikamwambia daktari kiuno changu ni 36 tangu nioe. Akaomba futi kamba yangu (huwa iko shingoni hata nikienda msibani), akapima juu ya pale ninapofungia mkanda, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nimeshatoa pumzi. Inchi 43. Niliona aibu kikazi! Kila siku nawashonea wenye vitambi na najua suruali zao zinakaa chini ya tumbo, kwa hiyo namba ya suruali haisemi kitu. Mwanaume anatakiwa asifike 37, yaani sentimita 94. Mwanamke 80, kama inchi 31 na nusu. Vipimo hivyo tumeazima kwa Wazungu, ila 43 ni 43 tu.

Sasa hizo homoni. Mafuta si gunia lililotupwa stoo. Seli zake zinatuma ujumbe kwenye damu. Homoni moja ni leptini, iligunduliwa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake kule New York. Inauambia ubongo akiba ipo, punguza kula. Mwenye mafuta mengi anayo tele, lakini ubongo wake umeshaizoea, kama sisi wa Manzese tulivyozoea spika za baa. Nyingine ni adiponektini, inayousaidia mwili kuitikia insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Hii ni kinyume: kitambi kikizidi, yenyewe inapungua. Halafu mafuta yanayozunguka utumbo yanapeleka asidi za mafuta kwenye ini, na ini likishajaa mafuta linaendelea kumwaga sukari hata ukiwa usingizini. Ndiyo maana nilikuwa nalala na chai ya rangi isiyo na sukari, naamka na sukari ya 11. Mama watoto akajua nakula chipsi kwa siri. (Mara mbili tatu ni kweli.)

Mafuta ya nyonga na mapaja hayana fujo hiyo, ndiyo maana unaweza kukuta dada mwenye umbo kubwa sukari yake iko sawa kuliko wewe.

Na aliyeuliza vidonge vya "kuamsha leptini": nilinunua, elfu sitini ikaenda. Leptini yenyewe ni protini, ukiimeza inasagwa tumboni kama maharage. Ya sindano ipo, Marekani waliiruhusu 2014, lakini kwa wenye ugonjwa adimu wa kukosa mafuta mwilini. Hao nao wanapata sukari kali. Yaani mafuta yakizidi kitambini sukari, yakikosekana kabisa sukari!

Nilichofanya si kikubwa. Niliacha soda mbili za mchana, chapati za asubuhi zikabaki Jumapili, ugali nusu ya ule wa zamani. Nikitoka Kariakoo kununua vitambaa nashuka mwendokasi Magomeni, namalizia kwa miguu. Metformini, dawa yangu ya kisukari, sikuacha. Kama unameza glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari inayoweza kuishusha sukari kupita kiasi, usikate chakula kabla ya kuongea na daktari. Jirani yangu alikata kwa kuniiga, sukari ikashuka, akatetemeka jasho likimtoka mpaka tukamkoroga maji ya sukari.

Miezi tisa, kilo nane tu zimetoka. Lakini futi kamba inasoma 39, asubuhi naamka na 7 hivi, na kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu (HbA1c) kimetoka asilimia 9.4 hadi 7.1. Suruali bado ni 36 ile ile, sema sasa mkanda umepanda hadi karibu na kitovu, na mama watoto anasema navaa kama mwalimu mkuu.